Mwanangu, fomu hiyo isubiri

Mwanangu,

Habari nimezipata kwa shangazi yako: wazee wa chama wamekupigia simu huko Vienna, wanataka urudi uchukue fomu ya ubunge. Ningependa kuisikia kwako kwanza, lakini tuyaache hayo. Ninachouliza ni kimoja: uzamivu wako je?

Yule Julius Glaser, mwenye sanamu pale uani chuoni kwenu, umenitajia hadi nami nikamtafuta nikamsoma. Sheria yake unaijua kuliko mimi. Itazame miaka yake. Mtoto wa familia ya Kiyahudi kutoka Bohemia, Ucheki ya leo, kufika 1850, akiwa na miaka 19, ameshachapisha kitabu kuhusu mashauri ya jinai ya Uingereza na Scotland. Kufika 1856 ni profesa Vienna. Uwaziri wa sheria wa Austria ulimjia 1871, naye alipoketi alikuwa anajua anachotaka. Mei 1873 sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ikatoka: mwendesha mashtaka ashtaki, mwingine aamue, mashahidi waseme kwa vinywa vyao mbele ya watu, na kwenye makosa mazito raia wa kawaida waseme kama mtu ana hatia. Mambo ambayo sheria ya 1853 ilikuwa imeyarudisha nyuma. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu anayejifunzia kitini.

Mimi nimekuwa karani wa mahakama. "Upelelezi haujakamilika" nimeiandika kwenye majalada mpaka mkono ukaizoea. Kijana anaingia rumande hana ndevu, anatoka nazo. Ukisema unataka kulikomesha hilo, mwanangu, kifua changu kinajaa. Lakini ukiingia bungeni na elimu nusu, wataalamu wa wizara watakuzidi kwa kifungu kimoja tu, nawe utabaki kugonga meza. Maliza kwanza.

Utaniambia miaka mitano ya kungoja uchaguzi mwingine ni mingi. Glaser alipotoka uwaziri 1879 akawa mwendesha mashtaka mkuu kwenye mahakama ya juu kabisa, akaandika kitabu kikubwa cha mwenendo wa jinai, na 1885 akafariki ana miaka 54. Siasa ilipomwacha, sheria ilimpokea. Wewe ukianguka kwenye kura za maoni, na uzamivu umeuacha njiani, nani atakupokea? Nyumbani pako papo, sikufukuzi, ila siyo hilo nililokuombea.

Msimamizi wako umemwambia? Sura ya nne imefika wapi?

Mama yako yeye amefurahi mno, ameshaanza kuulizia bei ya vitenge vya kampeni. Usimsikilize. Na kile kiwanja cha Kibaha unachokiulizia kila mara, kiliuzwa mwaka ulipoondoka. Sisemi ili unilipe.

Hela uliyotuma imefika, sehemu nimelipia luku. Fundi amebadilisha mabati ya jikoni, bado panavuja upande wa tangi. Mdogo wako amepata daraja la pili kidato cha nne, naye anataka sheria. Mpigie umpongeze, anasubiri simu yako kuliko yangu.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Wazee wa chama wanakuja hapa Jumamosi, nataka nijue la kuwaambia.

Baba yako