Niliandikisha "bila gundi", mkabandika kwa gundi

Tabata, Dar es Salaam

Kwa Meneja,
Duka la Fremu na Picha

Ndugu Meneja,

YAH: KITAMBAA CHANGU CHA KUDARIZI KUPAKWA GUNDI NA KUKATWA PINDO

Nimepiga simu mara tatu na kufika dukani mara mbili. Mara ya mwisho fundi wenu aliniambia, "Mama, kwa bei hiyo ulitegemea nini?" Siku hiyo nilikuwa na hasira, nikaondoka. Leo nimetulia, na nimeona swali lake lina jibu.

Niliwaletea kazi ya krosi stichi, yaani kudarizi kwa mishono midogo ya msalaba: jahazi la tanga moja baharini, juu ya kitambaa cha aida chenye vitundu 14 kwa inchi. Upana wake misalaba 196, kimo 140, yaani inchi 14 kwa 10. Bahari, tanga na mbao za jahazi vimejaa uzi. Mbingu niliiacha kitambaa kitupu, cheupe. Ilinichukua miezi minane, usiku watoto wakishalala. Kabla ya kuileta niliifua kwa maji baridi na sabuni kidogo, nikaipiga pasi kwa nyuma juu ya taulo nene ili misalaba isilale. Kila upande niliacha inchi tatu za kitambaa kitupu.

Nilichagua fremu yenu ya bei ya chini, saizi ya A3, shilingi 38,000. Sikuona aibu kuichagua, kwa sababu ilikuwa imebandikwa ukutani kwenu kama bidhaa nyingine. Nilimweleza dada wa mapokezi kwamba kitambaa hakibandikwi, hukunjwa kikashonewa nyuma. Akaandika kwenye risiti kwa mkono wake: "kitambaa – bila gundi". Risiti ninayo, nakala nimeiambatanisha.

Nilichopewa baada ya siku tisa ni hiki. Kitambaa kimelazwa juu ya hadibodi na kupakwa gundi ya maji nyuma yote. Gundi imepenya vitundu, na pale kwenye mbingu, ambapo hakuna uzi wa kuficha, imeacha mabaka ya rangi ya chai ya maziwa, moja kubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili juu kabisa ya ncha ya tanga. Ukigusa, ni kigumu kama boksi la viatu. Kioo kimegandamizwa juu ya misalaba moja kwa moja, na hewa yetu hii ya Dar mnaijua: masika yalipoanza, ukungu wa maji ukaingia ndani na haukuwa na pa kutokea.

Halafu kimekaa upande. Aida ina faida moja, kwamba haihitaji rula. Unahesabu vitundu tu. Chini ya picha, kushoto, kati ya mshono wa mwisho wa bahari na ukingo wa chini wa fremu kuna vitundu kumi na moja. Kulia kuna vitano. Hiyo ni zaidi ya sentimeta moja. Jahazi langu linakwenda mrama, na si kwa sababu ya upepo.

Hayo yote ningeweza kuyameza. Kisichomezeka ni mkasi. Zile inchi tatu fundi alizikata ili kitambaa kilingane na A3, na juu na chini zimebaki sentimeta mbili hivi. Pindo lile ndilo lililokuwa la kukunjwa nyuma. Sasa hata nikimpata mtu wa kukibandua salama, hakuna cha kukunja. Nilipouliza vipande vilivyokatwa viko wapi, niliambiwa vilishafagiliwa.

Sasa nimjibu fundi. Kwa bei ile nilitegemea sindano. Unakata kadibodi safi au fom bodi iwe ndogo kuliko fremu kwa milimita chache. Unalaza kitambaa juu yake, unakishika kwa pini ukianzia katikati ya kila upande kuelekea kwenye kona, ukifuata mstari mmoja wa vitundu ili kisipinde. Unageuza, unapitisha uzi mgumu, ule wa kushonea jinzi, kutoka pindo la juu hadi la chini, kisha la kushoto hadi la kulia, kama kamba za kiatu. Unavuta, unafunga, basi. Mimi kitambaa kingine kidogo nimekifanya hivyo mwenyewe wiki iliyopita: fremu ya mtumba, fom bodi na uzi havikufika 15,000, na kilichukua saa moja na nusu na umeme ukiwa umekatika. Kikifumuliwa kesho, kitatoka kama kilivyoingia. Na kama kioo ndicho kinachopandisha gharama, mngeniambia tukiache; kazi ya uzi inaweza kukaa bila kioo, ikapanguswa vumbi.

Kwa hiyo tatizo halikuwa bei. Gundi ni sawa kwa kalenda na kwa picha ya studio, kwa kuwa ikiharibika unachapisha nyingine.

Picha ile ilikuwa zawadi ya harusi ya mdogo wangu, Tanga. Nilikwenda na doti ya khanga.

Ninachoomba: mnirudishie shilingi 38,000 zote, mnilipe gharama ya aida na uzi, ambazo nimeziorodhesha kwenye karatasi ya pili pamoja na risiti zake, na msinipe fremu nyingine bure, kama mlivyopendekeza kwenye simu, maana sina cha kuweka ndani yake. Miezi minane sijaitia bei, sijui ningeitiaje. Nikikosa jibu ndani ya siku 14, nitapeleka barua hii na viambatanisho vyake Tume ya Ushindani, ingawa kusema kweli ningependa tuyamalize hapo hapo dukani.

Fundi wenu ni kijana na mikono yake mizuri. Kona za fremu amezikata sawasawa, hilo nimeliona. Akitaka, nitamwonyesha namna ya kushonea nyuma. Nitapita Jumamosi saa nne asubuhi. Nitakuja na risiti halisi, picha yenyewe, na sindano.

Mteja wenu,
mwenye jahazi