Risala ya Kikundi cha Akiba na Ujenzi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mzee wa mtaa, wazee wetu, mabibi na mabwana, asalamu aleikum.

Twakushukuru kwa kufika. Tuliambiwa saa tatu, na saa nane hii umefika. Wapo tuliowaalika ambao hata saa nane hawakuiona.

Historia yetu ni fupi. Tulianza watu wachache barazani, tukichangiana. Leo tumepiga hatua kubwa mno: tuna turubai, viti vya kukodisha, na tumemwezekea mwenzetu mmoja nyumba kwa mabati. Kusema kweli ni upande mmoja, wa pili bado makuti, ila picha tuliyokukabidhi ilipigwa upande wa mabati.

Mheshimiwa, Lamu yetu ni ndogo kwa watu. Sensa ya 2009 ilihesabu 101,539. Ya 2019 ikatukuta 143,920, na hata hivyo hakuna kaunti nyingine Kenya yenye watu wachache kuliko sisi. Twavua, twafuga, twalima korosho, simsim na pamba. Tangu gati la kwanza la bandari lifunguliwe Mei 2021, madalali wa viwanja hututembelea kuliko jamaa zetu.

Na viwanja ndivyo vilivyotuleta hapa. Tunaomba hati miliki.

Karani wa sensa aliuliza ukuta ni wa nini na paa la nini. Akaandika udongo, akaandika makuti, akaenda zake. Sababu hakuiuliza. Mtu asiye na hati hajengi kwa mawe, maana siku akiambiwa ahame, ukuta haubebeki. Akienda benki kuomba mkopo, aulizwa hati. Basi kila makuti yakioza anunua mengine, na pesa ya bati huishia humo humo.

Wapimaji walishakuja, wakapiga vigingi vya chuma. Kimoja kiko nyuma ya jiko la mama aliyeketi pale mbele. Siku hizi hufungia mbuzi. Mgeni rasmi aliyekutangulia alikiona, akakigusa kwa kiatu, akatuahidi hati kabla ya Ramadhani. Ramadhani tatu zimepita. Hatumlaumu, kwani hakutaja ni ya mwaka gani.

Kwa heshima zote, Mheshimiwa, hatuombi ahadi nyingine. Twaomba uondoke na wawakilishi wetu wawili mpaka ofisi ya ardhi, muulize faili yetu iko meza ya nani, na mturudishie jina lake na tarehe. Ukituchangia fedha tutapokea kwa mikono miwili, hatuna kiburi, ila zisihesabiwe kuwa ndizo hati.

Risala hii ina nakala mbili. Moja ni yako. Ya pili twaomba uitie sahihi na tarehe, ibaki kwa katibu. Ya mgeni aliyepita tungali nayo. Haina sahihi.

Ni sisi wanakikundi.