Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo: tutengeeni fedha za ala za muziki

Mheshimiwa Waziri,

Ninafundisha Sanaa za Maonyesho katika shule ya serikali hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 umelipa somo hili nafasi, na wanafunzi wanalichagua kwa hamu. Ila ala hatuna. Adungu, kinubi chetu cha asili, naichora ubaoni: hapa ngozi, hapa nyuzi. Asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, hutokana na tathmini za shuleni. Nitampimaje mtoto kwa chombo ambacho hajawahi kukishika?

Fedha huonekana msimu wa mashindano ya Muziki, Ngoma na Maigizo. Hapo shule hukodi ngoma, hukodi adungu, hukodi hata mkufunzi. Watoto wakishuka jukwaani, vyombo hurudi kwa wenyewe, na mwaka unaofuata tunakodi tena. Hilo linaniuma kuliko umaskini wenyewe, kwa sababu fedha hizo zingekwisha kununua vyombo vya kudumu.

Siombi vinanda vya umeme. Kikiharibika kimoja huku, fundi atafutwe Kampala. Adungu inachongwa na Waalur, majirani zetu. Mpambire, kwenye barabara ya Masaka, wanawamba ngoma. Mafundi hao wakikosa wateja, watoto wao hawatarithi kazi. Tumekwisha kuonywa: mwaka 2012 UNESCO iliingiza bigwala, tarumbeta za vibuyu za Wasoga, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwani wazee waliozijua walikuwa wamebaki wachache.

Ninachoomba ni fungu la ala ndani ya ruzuku ya shule, lisilohamishiwa kwenye matumizi mengine, na sharti kwamba zinunuliwe kwa mafundi wa Uganda. Seti ya kuanzia isiwe kubwa: ngoma chache, adungu ndogo, ya kati na ya besi, endingidi (fidla ya uzi mmoja) na filimbi. Fedha za matengenezo zisisahauliwe. Ngozi hupasuka, nyuzi hukatika, na ngoma iliyopasuka huishia stoo ikiliwa na mchwa.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Waraka wa Wizara ukitufikia mapema, shule zitaagiza kwa wakati, na mafundi watapata nafasi ya kukausha mbao na ngozi ipasavyo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Sanaa za Maonyesho, Arua