Risala ya Kikundi cha Neno la Siku kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Harambee ya Kupaua Boma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mchungaji wetu,
Wazee wa Kanisa,
Mwenyekiti wa Kijiji,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Bwana Yesu asifiwe! Mwanakondoo ameshinda!

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama. Barabara ya kupanda huku kutoka Tukuyu tunaijua ilivyo wakati wa masika, na matope kwenye gari lako tumeyaona. Wapo wageni waliofika hadi darajani, wakapiga simu, wakageuza. Wewe umefika. Ndaga fijo, asante sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia tutaipitia haraka, kwa kuwa muda wako tunaujua na mawingu nayo tunayaona. Desturi ya neno la siku ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, pale Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa kule, alipowapa waumini mstari mmoja wa kushinda nao kesho yake. Mwaka 1731 mistari ya mwaka mzima ikachapwa kitabuni, na tangu hapo kitabu hicho hutoka kila mwaka, sasa kwa lugha zaidi ya 50. Mstari wa Agano la Kale huokotwa kwa kura kulekule Herrnhut, kisha hutafutiwa wa Agano Jipya wa kwenda nao. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na desturi hiyo ikaota mizizi huku milimani. Sisi tulianza mwaka 2011, akina mama 6 na taa ya chemli moja. Leo tuko 47, wanawake 31 na wanaume 16. Hiyo ndiyo historia.

Utaratibu wetu ni huu. Saa 11:30 alfajiri, kabla watu hawajaenda kwenye chai na viazi, tunakutana. Mmoja anasoma neno la siku. Hatuhubiri, maana wahubiri wapo na wana siku yao. Watu watatu wanasimama, kila mmoja anasema jambo moja atakalolifanya siku hiyo kwa sababu ya mstari ule. Katibu anaandika kwenye daftari. Kesho yake, kabla ya mstari mpya, katibu anauliza, "Jana ulisema utamwendea shemeji yako. Umeenda?" Akisema ndiyo, anawekewa vema. Akisema bado, jina linabaki wazi, na kesho ataulizwa tena. Kanuni yetu namba 4 inasema: aliyesema mbele ya kikundi huandikwa, hata kama ni mgeni. Kanuni hiyo tutairudia huko mbele.

Kwa utaratibu huo, kikundi kimepata mafanikio makubwa ambayo hatuwezi kuyamaliza yote. Tumetokomeza ugomvi wa mipaka ya migomba katika kitongoji hiki. Kesi zilikuwa 2 na zote zimekwisha. Siku ya Waefeso 4:28, "Mwibaji asiibe tena", jembe lililopotea tangu msimu wa nyuma lilikutwa limeegemezwa mlangoni kwa mwenyewe, limenolewa. Hatukuuliza. Katika sekta ya mifugo tuna mradi wa kuku 14. Aidha, kikundi kimevuka mipaka ya nchi, kwa maana wenzetu 2 wamehamia Zambia na kila alfajiri wanatumiwa mstari kwa simu, nao wanajibu walichokifanya. Mmoja hujibu kwa wakati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuingie kwenye jambo letu.

Kanisa letu liko bondeni, kilomita 4 kutoka hapa. Alfajiri, kwenye utelezi, wazee hawawezi kushuka na kupanda kila siku. Kwa hiyo tunasomea kwenye stoo ya zamani ya viazi, hapo nyuma yako. Ina bati, ila haina siling bodi, na bati lenyewe lina matundu. Tumeweka ndoo 5. Wewe ni mzaliwa wa wilaya hii, huna haja ya kuelezwa mvua ya Rungwe. Ikishuka kwenye bati tupu, watu wawili waliokaa benchi moja hawasikilizani.

Tutoe mfano mmoja tu. Mwezi Machi mwaka huu, somo lilikuwa la nabii Eliya, 1 Wafalme 19. Msomaji wetu, mama wa makamo mwenye sauti nzuri ya kwaya, alianza vizuri. Upepo wa nguvu tukausikia, tetemeko tukalisikia, moto tukausikia. Alipofika pale penye "sauti ndogo, ya utulivu", mvua ikateremka. Akasoma tena kwa kupaza sauti. Akasoma mara ya tatu, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka: sauti ndogo, ya utulivu! Mzee wetu wa miaka 81, aliyekaa karibu na ndoo ya tatu, akamwinamia jirani yake akauliza nani amefiwa.

Siku ile watu walicheka, lakini mzee hakucheka. Tangu hapo mvua ikinyesha haji. Anasema neno la kupigiwa kelele analipata nyumbani kwake bila kutoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukukaa tukasubiri kuletewa. Mwaka 2017 tulifyatua tofali wenyewe, tukachoma wenyewe, mawe ya msingi tukayabeba kichwani kutoka mtoni. Boma lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 7 likasimama hadi kwenye lenta. Ndilo hilo unaloliona hapo mbele, lenye mti ndani.

Mti ule ni mparachichi. Hakuna aliyeupanda. Uliota mwaka 2018, mwaka aliokuja mgeni rasmi wa kwanza. Yeye aliahidi bati 60 "kabla ya Krismasi". Alisema Krismasi, ya mwaka gani hakutaja, na kosa hilo ni letu, hatukuuliza.

Mwaka 2020, mwaka ambao wageni wengi walipita kijijini, alikuja wa pili. Huyu alisema kazi yote ataimaliza mwenyewe, na akatukataza tusimwombe mtu mwingine, tusije tukamwaibisha. Tulimtii. Kwa miaka 2 hatukuitisha harambee, na mtu aliyetaka kutuletea misumari tulimrudisha. Katika yote tuliyoyafanya kwa utii, hili ndilo linalotuuma.

Mwaka 2023 alikuja wa tatu, naye tunamshukuru kwa dhati kwa sababu wiki iliyofuata alimtuma fundi. Fundi alipima boma lote, akanywa chai, akala chapati 4, akaondoka na karatasi ya vipimo. Hatujamwona tena. Bahati nzuri mtoto mmoja wa darasa la sita alikuwa amevinakili vipimo nyuma ya daftari la hisabati, na ndivyo tunavyovitumia leo.

Mparachichi sasa umepita lenta. Mwaka huu umetoa maua. Ndani ya kikundi kuna mabishano: wapo wanaosema siku ya kupaua ukatwe, na wapo wanaosema tusubiri tuvune kwanza, kwa jinsi mambo yanavyokwenda. Upande wa kushoto, kozi tatu za juu zimeota kuvu na tofali zinamomonyoka kwa kidole. Ukimaliza kusikiliza risala hii tunaomba upite ukaziguse. Fundi wa hapa kijijini anasema masika mawili zaidi, ukuta ule utashuka.

Mahitaji ni haya. Bati 60 za geji 28, za futi 10. Kofia za bati, misumari, na siling bodi, kwa sababu tukipaua bila siling bodi tutakuwa tumejenga stoo nyingine ya viazi, ila kubwa zaidi. Mbao za 2 kwa 4 tumeshanunua 70 kwa michango yetu, ziko chini ya kitanda cha mweka hazina, na mume wake ameanza kuulizia. Fundi tumeelewana naye: nusu fedha, nusu viazi.

Tumesikia kwamba una duka la vifaa vya ujenzi jijini Mbeya. Hatukukualika kwa sababu hiyo peke yake.

Katika rasimu ya kwanza ya risala hii tulikuwa tumeweka Yakobo 2:15-16, ule mstari wa "mkaote moto na kushiba". Mchungaji alishauri tuutoe, mgeni asije akadhani anasemwa. Tumeutoa. Mwenye kutaka atausoma nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna ombi moja la ziada, nalo halina gharama. Kama jambo hili haliwezekani, tuambie leo haliwezekani. Tutakupigia makofi vilevile, chakula kipo, na kesho alfajiri tutaanza kuuza kuku. Kama unaweza bati 10, sema 10. Bati 10 zilizofika tutazipigilia upande wa kushoto, mzee wetu apate pa kukaa.

Kwa mujibu wa kanuni namba 4, ahadi za wageni watatu tuliowataja zimeandikwa kwenye daftari letu, kila moja na tarehe yake, na hazijawekewa vema. Kila mwanzo wa mwezi katibu huzisoma kwa sauti na kuuliza kama zimetimia. Kikundi hujibu, "Bado."

Daftari hilo liko mezani mbele yako, karibu na maji ya kunywa. Tarehe ya leo imeshaandikwa, na kalamu tumeijaribu, inaandika.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi