Somo yangu, King hakuwa mtumishi

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Assalam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima. Mama goti bado linamsumbua, ila anajikongoja mpaka kwa jirani. Nimechelewa kukujibu, na aliyenichelewesha ni mzee wa huko huko Philadelphia ulikohamia, aliyefariki tarehe 17 Aprili 1790: Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani. Wiki ya tatu hii naihariri makala yake kwenye kamusi elezo yetu ya mtandaoni, kila usiku watoto wakishalala.

Nilianza na makosa mepesi. Makala ilisema Franklin alikuwa rais wa Marekani. Hakuwa. Sura yake iko kwenye noti ya dola mia, na wengi hudhani kila sura ya noti ni ya rais. Tena aliwahi kuitwa rais kweli, ila wa Baraza Kuu la Utendaji la Pennsylvania, 1785 hadi 1788. Ilisema pia kwamba "aligundua umeme". Umeme ulikuwa unajulikana. Yeye alipendekeza njia ya kuthibitisha kuwa radi ni umeme, na Wafaransa wakaijaribu Mei 1752, kabla habari za kishada alichokirusha yeye kwenye mawingu ya radi hazijawafikia. Hapo kwenye kishada mwenzetu wa bara akafuta akaandika tiara, nikarudisha, akafuta tena. Sasa yapo maneno yote mawili, na nimeridhika, maana msomaji wa Dodoma naye ni wetu.

Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa na mvutano wake: huyu anaweka 6 Januari 1705, yule 17 Januari 1706. Kumbe ni siku ile ile. Boston alikozaliwa ilikuwa chini ya Waingereza, nao walihesabu kwa kalenda ya zamani, mwaka mpya ukiingia tarehe 25 Machi, mpaka walipoiacha mwaka 1752. Wewe uliyeandikwa kwa Hijria kwenye msahafu wa babu na kwa miladia kwenye cheti hutababaika kwa hilo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Niliongeza aya kuhusu watumwa wake. Alikuwa nao, somo. Gazeti lake, Pennsylvania Gazette, lilichapa matangazo ya kuuza watu na ya kutafuta waliotoroka. Alipokwenda London mwaka 1757 alifuatana na mwanawe William na watumwa wawili: Peter, wake mwenyewe, na King, wa William. Asubuhi yake nikakuta kila penye "mtumwa" pamefanywa "mtumishi". Mhariri mwenzangu ameeleza kwenye ukurasa wa majadiliano kuwa neno lile ni kali mno kwa mtu aliyetia saini Azimio la Uhuru la 1776, mkataba wa amani wa 1783 na katiba ya 1787.

Nilikaa na lile jibu muda mrefu. Sisi tumekulia pwani hii, kwetu mtumwa na mtumishi hayajawahi kuwa neno moja. Mtumishi ana ujira wake, na akichoka anaaga.

Nikaenda kuitafuta barua ambayo Franklin alimwandikia mkewe Deborah kutoka London, tarehe 27 Juni 1760. Anamweleza kuwa King alitoroka wao walipokuwa safarini, akaja kuonekana Suffolk kwa bibi mmoja aliyempeleka shule. Amefundishwa kusoma na kuandika, na kupiga fidla na baragumu la Kifaransa. Halafu Franklin anasema hajui kama yule bibi atakubali kumwachia, au atamshawishi William amwuzie. Amwuzie, somo! Nani huuza mtumishi? Nimeinukuu sehemu hiyo kwenye majadiliano, na marejeo yake nimeyaweka.

Kilichonichoma zaidi kiko juu kidogo kwenye makala hiyo hiyo. Kijana Franklin alikuwa mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake James, amefungwa kwa mkataba, na mwaka 1723, akiwa na miaka 17, akatoroka Boston. Makala inamsifu kwa ujasiri, na mimi pia namsifu. Lakini King naye alitoroka, akajifunza kusoma, na kabla yangu hakuwa na hata mstari mmoja.

Sitaki kumchafua mzee wa watu. Nimeandika pia kwamba wasia wake wa 1757 uliagiza Peter na mkewe Jemima wawe huru yeye akifa. Kwamba tangu 1787 aliongoza chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa. Na kwamba Februari 1790, mgonjwa, alitia saini ombi kwa Kongresi la kutaka utumwa ukomeshwe. Wabunge wakajibu kwamba katiba haiwapi mamlaka ya kuwaachia watumwa huru. Miezi miwili hivi tangu atie saini ombi lile, akafariki. Nimeyapanga kwa miaka yake, ya uzuri na ya ubaya, msomaji ayaone yalivyofuatana.

Tangu Alhamisi neno "mtumwa" halijaguswa. Kila alfajiri nikimaliza kusali natazama kwanza orodha ya maangalizi, ile inayonionyesha makala zangu zilizoguswa.

Nina maombi mawili. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya kanisa la Christ Church, pembeni mwa mitaa ya Arch na wa Tano. Jiwe limeandikwa jina lake na la Deborah, na mwaka 1790. Ukipita nipigie picha kwa simu yako mwenyewe, asubuhi, maandishi yasomeke, ili niweze kuipandisha kwa leseni huria; iliyopo sasa ina kivuli. La pili, soma ile aya ya King. Wewe Kiswahili chako kilikuwa kinanishinda tangu shuleni. Penye sentensi nzito niambie, au ingia urekebishe mwenyewe.

Shemeji na wanangu wape salamu. Mama anauliza kama huko unapata samli.

Ni mimi,
somo yako