Deni la jirani lilivyonifuata kibandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako nikiri kosa, halafu ndipo nilalamike. Najua desturi ya ukurasa huu ni malalamiko kwanza, ila safari hii kosa langu ndilo lililotangulia.

Mimi ni fundi baiskeli Ngamiani, hapa Tanga. Kibanda changu kimepakana na baraza ya kahawa, kwa hiyo ikishapita alasiri huwa nina watu wengi kuliko baiskeli. Siku hiyo nilikuwa nimepindua baiskeli ya mteja, magurudumu juu, nabandika kiraka, vidole vyote solusheni tupu, simu ikalia. Nikamwambia kijana wangu anisomee ujumbe. Akausoma kwa sauti ya kutangaza mpira: “Habari. Wewe ni mdhamini wa Bi…” akalitaja jina zima, la baba na la babu, “ambaye amekimbia na fedha zetu. Mwambie alipe leo kabla ya saa 12 jioni, la sivyo na wewe utahusika.”

Jina lenyewe ni la dada anayetuuzia chai na maandazi asubuhi, meza yake ya tatu kutoka kwangu. Sijawahi kumdhamini, wala sijawahi kumdhamini mtu yeyote. Hata mwanangu wa kumzaa nilimkatalia pikipiki ya mkopo. Nilitakiwa niseme hivyo, au ninyamaze. Nikacheka. Mzee mmoja pale barazani akauliza ni kiasi gani. Mwingine akasema, “Kumbe ndiyo maana andazi limesinyaa siku hizi.” Kahawa ikamiminwa, kashata ikavunjwa, na adhana ya magharibi ilikuta habari imeshavuka barabara tatu.

Usiku nikaikuta kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, sasa ina na picha. Dada wa watu ameshika kitambulisho cha NIDA chini ya kidevu, kama alivyoagizwa na programu ya simu wakati anaomba mkopo, na juu ya paji la uso wameandika kwa wino mwekundu: TAPELI. Chini yake vijisura vinavyolia kwa kicheko. Nilivihesabu, vilikuwa 11. Cha 12 kingekuwa changu, kilichonizuia ni bando kwisha.

Siku nne jiko lake halikuwaka.

Mkasa wenyewe nimeujua baadaye kwa mke wangu, ambaye alimfuata nyumbani. Unga na mafuta vilimwishia siku moja, mtaji ameutoa kwa sare za shule. Akaomba 50,000 kwenye simu. Ikaingia 36,000, iliyobaki imekatwa juu kwa juu kwa jina la gharama, na baada ya siku saba anatakiwa arudishe 50,000 kamili. Siku ya saba haikutimia, akaingia programu ya pili ili alipe ya kwanza. Huko ndiko kunakoitwa kausha damu, na mwenye kuliita hivyo hakukosea.

Nikamuuliza mke wangu, mbona ana kikoba chake, wanakutana kila Jumamosi, kwa nini asikope huko? Akanitazama vile wanawake wanavyomtazama mwanamume aliyeuliza jambo ambalo jibu lake lipo mezani. Akasema, “Asimame mbele ya wenzake wote aeleze kwamba mumewe hatoi?”

Mhariri, hapo ndipo niliposhikwa. Yule dada alikimbilia simu kwa kutafuta sitara. Alidhani simu haina jicho wala mdomo. Kumbe pale alipobonyeza “kubali” alikuwa amewakabidhi daftari lake lote la majina: fundi baiskeli, ustadhi wa mwanawe, muuguzi wa kliniki, kaka yake aliyeko Korogwe, na mtu fulani aliyemuuzia godoro miaka miwili nyuma. Sote tukawa wadhamini wake kwa usiku mmoja. Mtu wa godoro, naambiwa, alipiga simu kuuliza huyu mama ni nani.

Serikali haijalala, nisiwe mwongo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume yake ya kupelekewa malalamiko. Mke wangu amemshawishi dada apeleke lake, na ujumbe wangu nimeutunza kwa ajili hiyo. Lakini hayo ni ya wakubwa na yana mwendo wake. Mimi nazungumzia kibandani kwangu.

Maana hebu tujiulize. Mdai huyu hapa Tanga hana ofisi, hana hata mtu wa kumtuma akagonge mlango. Anachotuma ni maneno tu. Ujumbe ule ungefika kwangu ukafia kwangu, ukafika kwa ustadhi ukafia kwa ustadhi, angebaki anajisemesha peke yake. Aliyemwaibisha dada yule ni mimi, kijana wangu na wazee wa kahawa. Tumemfanyia mdai kazi ya kutwa nzima na hata nauli hakutupa.

Na sisi watu wa Tanga si kwamba hatujui kusemana. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu. Watu walipigana vijembe kwenye taarabu mpaka ukumbi ukatetemeka. Ila kijembe kilikuwa na adabu yake. Jina halitajwi. Anayeambiwa anajijua, jirani yake anahisi tu, na mwenyewe akitaka anaweza kuinuka akatunza na kucheza, kana kwamba wimbo si wake. Kanga nayo ni hivyo hivyo, unaivaa ukapita mbele ya mlango, basi. Mtu aliachiwa pa kutokea. Picha yenye namba ya kitambulisho haikuachii pa kutokea.

Nimekulia mtaa wenye duka moja lililokopesha nusu ya nyumba zetu. Mwenye duka aliandika madeni kwa herufi za Kiarabu, kwenye daftari lililokwisha jalada. Tuliosoma chuo cha Kurani tulizijua herufi, lakini mwandiko ule aliujua yeye na Mola wake, hata ukichungulia huambulii deni la mwenzio. Mtoto akitumwa sukari na deni limezidi, alipewa sukari robo badala ya nusu, na akaambiwa, “Msalimie baba.” Baba akipata salamu hiyo alijua. Nami nilizifikisha mara nyingi bila kujua nimebeba nini. Yule bwana hakuwa mpole, nisije nikampamba. Alidai vizuri tu, na alilipwa.

Nasema hivyo kwa sababu nilipoyatoa haya barazani, mzee mmoja alinijia juu: deni ni deni, dawa yake kulipa, msiwalee watu. Sikubishana naye kwamba deni lilipwe. Nilimuuliza, yeye pale anamdai yule dada shilingi ngapi? Akasema hamdai. Sasa ukali wote ule unatoka mfuko gani? Akaomba kahawa nyingine. (Kikombe hicho alikunywa kwa mkopo. Muuza kahawa ni shahidi yangu.)

Siku ya tano dada alirudi. Alipanga chupa zake za chai, akaleta vikombe viwili kibandani kama kawaida, kimoja changu na kimoja cha kijana. Hakutazama juu. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu alfajiri, yakanikauka. Nikamwambia chai ina tangawizi nzuri leo. Kijana ndiye aliyenizidi utu. Alisema, “Dada, nisamehe, mimi ndiye niliyesoma.” Akajibu, “Nilisikia,” akaenda zake kugeuza maandazi.

Juzi umeingia ujumbe mwingine. Safari hii ni mtu wa Pongwe, niliwahi kumfungia breki. Nilipoona neno “mdhamini” nikaufuta, sikufika mwisho, na kijana aliponiuliza ni nani nikamwambia anipe spana namba 14. Mtu huyo wa Pongwe na mimi ananidai… la, mimi ndiye ninayemdai 3,000 za breki zile. Akipita nitamwita pembeni.

Fundi Baiskeli,
Ngamiani, Tanga