Kosa si la mashine, ni la mkono

Mhariri,

Msomaji aliyelalamika kwamba mashine za kunyolea za wembe wa kubadilisha “zinachuna watu ngozi” namwelewa. Mimi mwenyewe nina kovu chini ya sikio la kushoto. Lakini kosa si la mashine.

Yangu niliirithi kwa marehemu baba: ya chuma, nzito, wembe wake umechomoza kuliko kawaida. Miezi miwili ya kwanza nilitoka bafuni na vipande vya karatasi shingoni, nikafanana na kuku aliyenyonyolewa nusu. Nilikuwa naikandamiza, kama nilivyozoea zile za plastiki za kutupa. Hii haitaki. Uzito wake unatosha. Shika mpini kwa ncha za vidole, ulaze wembe kama nyuzi 30 hivi na ngozi, kisha sikiliza. Ukisikia mkwaruzo mdogo, kama mtu anakuna nazi chumba cha pili, uko sawa. Ikinyamaza, pembe imepotea.

Kazi ipo shingoni. Niliacha kunyoa siku mbili, nikapapasa kwa kidole: kumbe upande wa kulia ndevu zinaota kwenda juu, nami miaka yote nateremsha wembe! Nilipogeuza mkono, vipele vikapungua. Namaliza kwa maji baridi na jiwe la shabu (linachoma, sikufichi).

Wembe uliokwisha natumbukiza kwenye kopo la maziwa nililolitoboa mfuniko. Kijana anayezoa taka mtaani kwetu anapekua mifuko kwa mikono mitupu.

Fundi cherehani mstaafu,
Tanga